Ukoo wa Mbagala: kichwa cha Rayan

Mama Rayan: Asalaam aleikum. Tumetoka kliniki. Nesi kapima kichwa cha Rayan kwa futi, kinakua haraka kuliko umri wake, na utosi umejaa. Kaandika rufaa ya Jumatatu kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Eti maji kichwani.

Bibi: Nilisema mimi! Yule mama kwenye arobaini alimkodolea sana macho.

Mjomba Hamisi: Au mnamnywesha maji mapema?

Zuhura Nesi: Bibi shikamoo. Mjomba, ya kunywa hayaendi huko. Haya yanatengenezwa humo humo kwenye ubongo, hata wewe unayo. Mtu mzima anatengeneza kama nusu lita kwa siku, lakini kwa wakati mmoja yapo kama mililita 150 tu. Mapya yanaingia, ya zamani yananyonywa kurudi kwenye damu.

Mjomba Hamisi: Sasa ya Rayan yamekwama wapi?

Zuhura Nesi: Ubongo una vyumba vinne vya maji. Kati ya cha tatu na cha nne kuna kijia chembamba mno, kikiziba ndio basi. Au pale yanaponyonywa pameharibiwa na homa ya uti wa mgongo. Utengenezaji wenyewe hausimami. Na mifupa ya kichwa cha mtoto haijaungana, ndiyo maana kinatanuka.

Mjomba Hamisi: Kumbe sinki limeziba na bomba liko wazi.

Zuhura Nesi: Umepatia 😂 Mama Rayan, macho yake yakoje?

Mama Rayan: Yanaangalia chini, weupe unaonekana juu. Nilidhani usingizi. Na tangu jana anatapika.

Zuhura Nesi: Basi usingoje Jumatatu, nendeni leo. Waambie pia ile homa aliyolazwa nayo. Utosi ukiwa wazi wanaweza kuona ndani kwa altrasaundi.

Bibi: Watampasua?

Zuhura Nesi: Huenda. Wanapitisha mpira chini ya ngozi, maji yashukie tumboni. Wengine wanatobolewa njia mpya kwa kamera bila mpira, daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, aliiendeleza sana Mbale, Uganda.

Bibi: Mpira tumboni, atanyonyaje?

Zuhura Nesi: Hauingii kwenye utumbo Bibi, atanyonya kama kawaida. Ila mpira huziba. Akirudi nyumbani akaanza kutapika, kulala kupita kiasi au homa, ni hospitali moja kwa moja, usiku hata mchana.

Mjomba Hamisi: Natoa gari. Chukua kadi ya kliniki na ile rufaa.

Bibi: Nipitieni na mimi.