Uvungu wa nyumba ya mbao unatoa jasho na sakafu inabonyea, naombeni msaada (Kigoma)

mwana_bangwe
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo linaninyima usingizi. Tuna nyumba ya mbao huku Bangwe, si ufukweni kabisa, ni kamlima kidogo, marehemu baba aliijenga juu ya msingi wa mawe, upande wa mlimani msingi umetoka kama nusu mita na upande wa ziwani unafika mita moja na kitu, kwa hiyo chini ya sakafu kuna uvungu mtu anapita kwa kutambaa. Nyumba ni mita 6 kwa 8. Anaishi mama na mjukuu wake mmoja. Miaka yote haikusumbua. Mwaka juzi aliingia nyoka uvunguni, mama akawa halali, nikaja nikaziba matundu yote ya msingi kwa tofali na simenti. Sasa masika haya nimekuja kumsalimia, ukifungua tu mlango wa chumba unapokelewa na harufu kama kiroba cha mahindi yaliyolowa, mbao za sakafu zimejikunja kingo zimenyanyuka, na karibu na mlango wa jikoni ukikanyaga panabonyea. Vitenge vyake sandukuni vimeota ukungu na anakohoa usiku. Kuna fundi alikuja akachungulia akasema ng'oa sakafu yote, piga mbao mpya, paka oili chafu basi. Mimi najiuliza mbao mpya zikikaa palepale si zitaoza tena? Nifanyeje jamani?

fundi_mawe_mwanga
Pole sana mkuu, na mama mfikishie salamu. Uko sahihi, usinunue hata ubao mmoja kwanza. Yale matundu uliyoziba ndo yalikuwa yanailinda hiyo nyumba miaka yote. Ardhi ya uvunguni hata ukiiona kavu juu inatoa mvuke usiku na mchana, mvuke ukikosa pa kutokea unapanda unagota kwenye boriti na mgongo wa sakafu, usiku mbao zikipoa unageuka maji. Mbao ikibaki na unyevu kuanzia kama asilimia 20 kwenda juu kwa muda mrefu kuvu wanaianza, na hapo hakuna rangi wala oili ya kuwazuia.

Fungua matundu yote, na ikibidi ongeza. Marekani ambako nyumba za namna hii ni nyingi kanuni yao ya siku nyingi ni nafasi ya hewa mita 1 ya mraba kwa kila mita 150 za mraba za sakafu, kwako sakafu ni mita 48 za mraba kwa hiyo unahitaji kama mita 0.32 za mraba, yani matundu 8 ya sentimita 20 kwa 20. Hiyo ni nafasi iliyo wazi kweli, ukiweka wavu unakula sehemu yake hivyo weka 10 au 12. Yapange yatazamane, la upande wa ziwani liwe na mwenzake upande wa mlimani upepo upite moja kwa moja, na usiache kona imelala bila hewa. Nyoka na panya dawa yao ni waya meshi yenye matundu madogo, ichimbie kwenye simenti pande zote nne.

Kabla ya yote hayo ingia uvunguni na tochi asubuhi mapema, angalia maji yanatoka wapi. Chukua na bisibisi, chomachoma kila boriti hasa pale inapolala juu ya ukuta wa mawe, ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa hiyo imeshakufa, ikigoma bado ni mzima hata kama ina ukungu juu.

kijana_wa_urambo
Naongezea kitu maana huku Tabora tunaishi na mchwa. Mbao ikilowa mchwa anaisikia, kwa hiyo ukiwa uvunguni angalia kama kuna vichirizi vya udongo vimepanda kwenye mawe ya msingi vimeelekea kwenye boriti, unene kama penseli, ukikuta bomoa kidogo uone kama ndani kuna mchwa hai. Na oili chafu usiweke kwenye nyumba anayolala mtu mzima anayekohoa, ile harufu haiishi leo wala kesho na mvua mbili tatu ikishaoshwa mchwa anapita tu. Nyumba za zamani walikuwa wanaweka kipande cha bati juu ya ukuta wa msingi kabla ya kulaza boriti, kimetokeza nje pande zote na kimekunjwa kidogo kwenda chini. Hakimuui mchwa ila kinamlazimisha azunguke kwa nje umuone. Boriti zako za kubadilisha weka hivyo, na chini yake laza nailoni nzito ili mbao isinyonye maji ya kwenye jiwe, ndo ileile kazi ya DPC, ule utando wa kuzuia unyevu usipande ukutani, kwenye nyumba za tofali. Mninga ukiupata vizuri, paini chukua iliyotiwa dawa tu.

jirani_gungu
Mimi ningekuwa wewe ningejaza moramu (udongo wa changarawe) uvungu wote nimwage jamvi la zege nisahau. Sakafu ya mbao ni ya kizamani.

fundi_mawe_mwanga
Jirani naheshimu wazo lako lakini kwa nyumba hii nakataa. Ule ukuta wa mawe ulijengwa ubebe mbao na bati, ukijaza moramu upande wa ziwani wa mita moja na kitu ile moramu ikilowa inausukuma ukuta kwenda nje, siku ukipasuka mama yumo ndani. Na ukiijaza mpaka kwenye boriti ukaiacha igusane na udongo umempa mchwa daraja. Jamvi ni zuri nyumba ikianza upya, mawe chini, moramu ishindiliwe, nailoni, ndo zege.

mwana_bangwe
Wakuu nimeingia leo saa 12 asubuhi. Sijui nianzie wapi. Nilivyolala chali nikawasha tochi, kila ncha ya msumari iliyotokeza chini ya sakafu ilikuwa na tone la maji limening'inia, misumari yote, safu kwa safu, nikigusa ubao matone yananidondokea usoni. Kwenye boriti mbili za upande wa jikoni kuna kitu cheupe kama pamba kimetambaa urefu wa mkono, hizo mbili bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Nyingine zote zimegoma. Mchwa sijaona.

Alafu nikaona udongo upande wa jikoni ni tope kabisa, kwingine ni unyevu tu. Nikatoka nje kuangalia, kumbe maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa palepale pembeni ya msingi, na bati halina gata, maji ya paa yamechimba mfereji chini ya ukuta upande wa mlimani na yanaingia ndani kupitia kati ya mawe.

fundi_mawe_mwanga
Hapo sasa umepata ugonjwa wenyewe. Piga hesabu, paa la nyumba yako na mbawa zake zinazotokeza nje ya kuta ni kama mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20 ambayo kwetu ni ya kawaida inakupa lita 1200, yani mapipa 6 ya lita 200, nusu yake inamwagwa mlangoni kwa msingi. Anza na gata na bomba la kushushia, maji yapeleke kwenye simtank au mbali upande wa chini. Karo la vyombo lihamishe. Udongo unaozunguka nyumba uujaze uinamie nje, sentimita 15 kwa mita 3 za kwanza inatosha, tumia udongo wa mfinyanzi wa kushindilia, mchanga utapitisha maji.

Upande wa mlimani chimba mtaro wa kukinga kama mita 2 kutoka kwenye ukuta, kina sentimita 60 hivi ila usishuke chini ya kitako cha msingi, weka bomba la inchi 4 lenye matundu, jaza kokoto, uupe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita na uupitishe pembeni ya nyumba mpaka utokee chini. Tope likikauka ndo utandike nailoni nyeusi nene ya geji 1000 ardhi yote ya uvungu, vipande vipandiane sentimita 30, kingo zipande ukutani sentimita 15, juu gandamiza na mawe. Usiitandike juu ya maji yaliyotuama.

dagaa_kibirizi
Swali mkuu, sisi wa karibu na maji hii inatusaidia? Miaka hii ziwa lilivyopanda maji yalitufuata mpaka barazani.

fundi_mawe_mwanga
Kwa ukweli hapana. Maji yakitoka chini ziwa likipanda mtaro hauna pa kuyapeleka. Ile mita 60 ya kutojenga kutoka ufukweni ya sheria ya mazingira ya 2004 watu waliiona usumbufu lakini ndo hapo ilipokuwa inatukinga. Kama unaweza hamia juu.

mwana_bangwe
Asanteni sana. Jana nimevunja matundu matano, mengine kesho. Mama nimemhamishia chumba cha mbele kilicho mbali na jikoni, vitenge tumeanika. Boriti mbili nimeziwekea magogo ya kushikilia kwa muda, nitazibadilisha mwezi wa saba kila kitu kikishakauka. Mtaro wa mlimani tumeshachimba mita nne, jana usiku mvua imenyesha na maji yameanza kupita humo.