Mtihani wa kuzungumza Kifaransa (DELF B1): binti ajiandaeje akiwa Kigoma?

Mzazi wa Ujiji
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Kigoma na anajiandaa kwa mtihani wa DELF, yaani wa cheti cha lugha ya Kifaransa kinachotolewa na Ufaransa, ngazi ya B1 (ya kati). Sarufi anaimudu na insha huandika vizuri, lakini akiulizwa swali asilolitarajia hunyamaza kabisa. Amekariri kurasa mbili za kujitambulisha, nami nina shaka kama hiyo ndiyo njia. Waliopitia naomba wanishauri.

Mwalimu, Tabora
Ndugu mzazi, shaka yako ina msingi. Sehemu ya kuzungumza huchukua kama dakika 15: mtahiniwa hujibu maswali yanayomhusu, kisha huigiza mazungumzo na mtahini, halafu hutoa maoni kuhusu makala fupi. Hatua hiyo ya mwisho pekee ndiyo yenye matayarisho, dakika 10, kwa hiyo kurasa alizokariri zitamfaa mwanzoni tu, na hata hapo mtahini anaweza kumkatiza kwa swali. Wanafunzi wangu huwakataza kuandika sentensi kamili katika dakika hizo 10, kwa sababu aliyeandika sentensi huishia kusoma akiwa ameinamia karatasi, na swali la kwanza likija hukosa pa kushika. Aandike hoja kuu, sababu mbili na mfano mmoja wa maisha ya Kigoma, basi.

Msomaji, Kasulu
Naongeza kuhusu alama. Stadi zote nne (kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza) zina alama 25 kila moja, na anayepata 50 kati ya 100 amefaulu, ila akipata chini ya 5 katika stadi yoyote ameanguka hata kama jumla inatosha. Kunyamaza ni hatari kuliko kukosea sarufi.

Mkazi wa Mwanga
Mzazi mwenzangu, Kigoma tuna bahati ya kuishi na watu wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa. Mwombe mama mmoja unayemwamini aongee na binti jioni, asimsahihishe kila neno, bali baada ya kila jibu amuulize sababu. Katika igizo pia azingatie mtahini amechukua nafasi ya nani: akiwa rafiki, binti atumie «tu» (wewe ya kirafiki), akiwa mwenye duka atumie «vous» (ya heshima).

Mzazi wa Ujiji
Nashukuruni sana. Jirani yetu kutoka Bujumbura amekubali. Je, mwalimu, tuwarekodi kwa simu?

Mwalimu, Tabora
Warekodini, lakini binti asikilize peke yake kwanza, ahesabu mahali aliponyamaza, kisha ayarudie maswali hayo hayo kesho yake.