Tupeane uzoefu: wazee wetu waliotoka vitani wakarudi kushika tanga na mpira

mtu_wa_langoni
Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Tumemzika babu yetu hapa Amu (Lamu), umri tisini na kitu, hicho kitu hakuna anaekijua manake cheti kimeandikwa tarehe 1 Januari kama wazee wengi wa zama zile, karani alikadiria tu. Sasa kilichonishangaza ni kwamba watu waliokuja hitmani wote wanamsimulia habari za mashindano ya mashua, hakuna hata mmoja alomtaja kama askari, na mimi mwenyewe nilijua tu kwa sababu ya ile medali ya nyota ilokuwa ndani ya kasha la bibi pamoja na udi na hati ya shamba.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alichukuliwa kijana, wakapelekwa Ceylon ndo hiyo Sri Lanka ya saa hii, halafu 1944 wakaingizwa Bama (Burma, Myanmar ya saa hii) kupigana na Wajapani. Ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua, njia zote tope, magari yanazama, maradhi yanaangusha watu ovyo, mpaka Disemba ndo wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Haya nimeyasoma mie. Yeye ukimuuliza habari ya Bama alikuwa anasema "mvua" basi, anaendelea kushona tanga lake.

Aliporudi hakuna kazi ya sulubu ambayo hakuifanya, kukata boriti za mikoko, kuchonga mawe kule Maweni ya Manda, kisiwa cha jirani, mwisho uvuvi. Na katikati ya hayo yote ndo akawa nahodha wa mashindano. Kwa alokuwa hajaona mashindano ya Amu, mashua ina tanga moja kubwa, upepo ukizidi vijana wanapanda juu ya ubao uliotoka nje upande wa goshini ili chombo kisilale, mmoja kazi yake ni kufua maji tu hainui kichwa, na nahodha ndo anaamua wapi pa kubisha. Hapo kwenye kubisha ndo alikuwa anawamaliza. Wenzake wanalikimbilia boya, yeye anakwenda mbali mpaka unadhani ameamua kuhamia Manda, kumbe anautafuta mkondo wa maji, akishaupata anageuza mara moja anarudi amenyooka. Vijana wake hakuwachagua ufukweni, aliwachagua machimboni, yule asiejificha nyuma ya wenzake jiwe likiwa zito ndo anapanda ubaoni. Watoto wa jamaa zake wenyewe aliwaacha chini wakimlilia.

Haya, na nyie leteni wazee wenu.

kijana_wa_barani
Allah amrehemu mzee. Mimi ni wa Malindi, mzee wangu ni tsawe, yaani babu, upande wa mama. Vita yeye ilimfuata nyumbani kabla hajaifuata, manake 1940 ndege za Waitaliano zilikuja kudondosha mabomu hapa hapa Malindi, na leo tunawauzia pizza hehe. Alisema hiyo siku alikimbia mpaka akafika Ganda bila kugeuka na hapo ndo alijua ana mbio. Si ajabu aliongeza chumvi kidogo ila huwezi kumbishia mzee.

Akaingia Keya, na huko kwenye kambi mbio zilikuwa kitu kikubwa, kombania kwa kombania, akapata blanketi na viatu kwa kukimbia. Watu wanasema riadha ya Kenya ni ya mashule ya bara tu, wanasahau jeshi. Wilson Kiprugut alieleta medali ya kwanza ya Kenya ya Olimpiki, shaba ya mita 800 Tokyo 1964, si alikuwa mwanajeshi. Wetu hakufika huko, hakuna alomjua. Vita ilipoisha akarudi kwenye kinu cha pamba, anabeba magunia kutwa, jioni anacheza beki miguu mitupu, na viatu vya jeshi anavyo ndani amevitundika! Alisema mpira ukivaa kiatu unakuwa kiziwi.

Mpaka uzee wake ukimpeleka uwanja wa Alaskan kuangalia mechi hakai kitini, anatembea kando ya mstari anafuatana na beki, beki akipanda na yeye anapanda. Marefa wakamzoea.

msomaji_tu
Stori nzuri lakini mbona hakuna anaesema habari ya pesa. Wazee hawa walilipwa kiasi kidogo kuliko mzungu wa cheo hicho hicho, wakapewa malipo ya mara moja wakaambiwa kwaheri. 2018 ndo Uingereza inatangaza pauni milioni 12 kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, 2018 jamani, wengi washazikwa. Wetu alifuatilia karatasi ofisi moja mpaka karani alomuanzishia faili akastaafu yeye na pensheni yake. Medali aliiuza kwa mtalii. Mie simlaumu hata kidogo, alinunua nyavu, na zile nyavu zimetusomesha.

binti_wa_mkomani
Msomaji tu umesema kweli. Na mie niongeze lingine manake naona hapa ni wanaume watupu. Mtu wa Langoni, bibi yako anasemaje? Umeandika kasha la bibi, tanga la babu, mashua ya babu, lakini bibi mwenyewe kimya. Hizo tanga nani alikuwa anakaa nae kuzishona usiku? Muulize kabla hamjarudi tena hitmani.

Babangu si wa Bama, ni jeshi la baada ya uhuru, alikuwa kwenye kikosi cha Kenya kilichokwenda Namibia 1989 kulinda amani wakati nchi ile inajiandaa kupata uhuru. Alirudi na jaketi na tabia ya kuamka saa kumi za usiku. Akastaafu akawa refa wa mpira pale uwanja wa Twaif, refa wa kujitolea, firimbi yake ya jeshini. Timu zote mbili zilikuwa zinamchukia sawasawa na yeye akifurahi, anasema ndo dalili ya kazi nzuri. Mamangu alikuwa anafua ile jezi nyeusi kila Ijumaa na mara moja aliificha makusudi manake watu walitishia kumrushia mawe. Baba akaenda akachezesha na kanzu. Wallahi na kanzu, ameipandisha mpaka magotini.

mtu_wa_langoni
Hahaha ile mechi ya kanzu naisikia mpaka leo, kumbe ni mzee wako!

Binti wa Mkomani nimekusikia, nimemuuliza bibi leo baada ya alasiri. Kasema tanga alishona yeye, babu alikuwa anashona mapindo tu ya kuonekana na watu. Na medali babu alitaka kuifanya chubwi ya mshipi, ina uzito mzuri ati, akamnyang'anya akaitia kashani, wakanuniana siku nzima. Halafu kasema mashindano makubwa alikuwa haangalii, anakwenda juu darini anajifungia mpaka asikie kelele za Mkunguni ndo ajue nani kashinda. Nikamuuliza na vita je, kasema "alipokuja kunioa hakuwa akilala mvua ikinyesha, ikitulia ndo analala, na hivo mpaka juzi." Sikuwa najua hilo.

wa_faza_halisi
Nimechelewa lakini niingize yangu. Kwetu Faza waliondoka ndugu wawili. Babu alirudi, ndugu yake hakurudi, alikuwa ndani ya ile meli Khedive Ismail ilotoka Kilindini kwenda Colombo ikapigwa torpido na sabmarini ya Wajapani, Februari 1944, ikazama kwa dakika chache sana, walikufa watu zaidi ya 1200, na ndani mlikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki. Babu kilichomuuma zaidi ni kwamba nduguye alikuwa anaogelea kumshinda yeye, lakini alokuwa ndani ya meli chini ataogelea wapi.

Basi babu akawa na wazimu wa kuogelea. Alikuwa anashindana Maulidi na siku za sikukuu, anashinda, lakini hiyo haikuwa na maana kwake, kikombe alikuwa anawapa watoto wanywee uji. Kazi yake hasa ni kufundisha. Alikuwa anasema vijana wa bara alokuwa nao jeshini walikuwa hawajui maji kabisa na hakuna aliewafundisha kabla ya kuwapakia melini. Kila mtoto wa mtaa, wa kike na wa kiume, anatupwa gatini maji yakijaa, yeye yuko chini anakungoja, hakushiki mpaka umemeza maji ya kutosha. Wazazi walimlalamikia mpaka kwa chifu na yeye hakuacha. Mwenyewe mpaka umri wa miaka themanini na kitu alikuwa anaingia majini asubuhi, kwa kushuka ngazi anataka kushikwa mkono, akishafika kwenye maji anakuondosha.

Saa hii kazi hiyo anaifanya dadangu, kwa wasichana, baada ya chuo. Mkali kuliko babu.