Programu nyepesi ya kupima ping kwa laptop kuukuu (Mikindani)

Mwalimu_Mikindani:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani. Naishi Mikindani ya Mtwara, kwenye zile nyumba za zamani za mawe. Nikipima spidi nasoma Mbps 18, si haba, lakini darasani sauti inakatika na mwanafunzi anaganda mdomo wazi katikati ya "ng'ombe". Ping ya dirisha jeusi (ile amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi) naijua, ila namba zinakimbia tu, sijui tatizo liko wapi. Laptop ina RAM GB 2. Natafuta kitu cha kubofya, chepesi, kisichonimalizia bando.

Korosho_Ghafi:
Hama mtandao, mwalimu. Au fundisha saa nane usiku, wote tumelala.

Fundi_Shangani:
Asihame kwanza, atatupa hela bure. Mwalimu, pakua WinMTR. Hailipiwi wala haisakinishwi: unafungua zipu, unabofya, imewaka. Kwenye Host andika 8.8.8.8 (seva ya Google), bofya Start, uiache ikiendelea wakati unafundisha. Inatuma vipaketi vidogo mno, bando halitasikia. Kila mstari ni kituo kimoja njiani, na wa kwanza ni ruta yako. Usikodolee Avrg, yaani wastani, inaficha mambo. Tazama Worst (jibu lililochelewa kuliko yote, kwa milisekunde, ms) na Loss (asilimia ya vipaketi vilivyopotea).

Mwalimu_Mikindani:
Nimeiacha kipindi kizima. Mstari wa kwanza, 192.168.1.1: Loss 6, Best 2, Avrg 41, Worst 1130. Wa tano Loss 100, huo umenitisha. Wa mwisho Loss 7.

Fundi_Shangani:
Wa tano achana nao. Kuna ruta zimewekwa zisijibu vipimo, ila mzigo zinapitisha kama kawaida. Loss inahesabika pale inapoendelea mpaka mstari wa mwisho. Yako imeanzia mstari wa kwanza, humo humo ndani ya nyumba, kati ya laptop na ruta. Ruta iko wapi na wewe unakaa wapi?

Mwalimu_Mikindani:
Ruta iko dirisha la sebuleni, ndiko inakoshika mnara. Mimi niko chumba cha uani. Katikati kuna kuta mbili za matumbawe na chokaa, kaka, unene wake hata dirishani unakaa ukanywa chai.

Fundi_Shangani:
Sasa hapo waifai ipite wapi? Tafuta waya wa mtandao, upitishe juu ya milango, uchomeke kwenye laptop.

Bibie_wa_Lindi:
Naongezea. 8.8.8.8 ya Google iko sehemu nyingi duniani, anayekujibu ni wa karibu, kwa hiyo haikupi habari za Ujerumani. Pima seva iliyoko huko huko. Na usitegemee ms 20: kwenye faiba, kila kilomita 1,000 kwenda na kurudi ni kama ms 10, na kutoka kwetu hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 hata ukinyoosha kamba. Nyaya za baharini hazinyooki. Ms 170 iliyotulia inafaa kwa maongezi. Inayoruka 90, 700, 120 ndiyo inayokata sauti.

Mwalimu_Mikindani:
Waya umefungwa. Mstari wa kwanza Worst 4. Tovuti ya chuo kimoja cha huko: Avrg 178, Worst 214. Sauti safi! Ila kuanzia saa mbili usiku mstari wa pili unapanda mpaka 600.

Fundi_Shangani:
Mstari wa pili ni hatua ya baada ya ruta; huenda kuna mtu humo ndani anapandisha video. Foleni ya kupandisha ikijaa, sauti yako inasubiri zamu. Zungukia simu za watoto kabla hujapigia huduma kwa wateja.