Tupeane uzoefu: maji yalipoingia mtaani kwenu Tanga, nani alifanya nini?

Binti Ngamiani: Habari zenu wana Tanga. Masika hayo yaja. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji na mtaa. Naomba tusimuliane ya huku chini.

Yangu ni haya. Maji yalitukuta saa nane za usiku. Mwenyekiti wa mtaa alipita na filimbi nyumba kwa nyumba, akatuamsha wote. Hapo namshukuru hadi leo. Tukabeba watoto na bibi mmoja aliyepooza mpaka shule ya msingi iliyo juu kidogo. Tunafika, madarasa yamefungwa, ufunguo anao mwalimu anayekaa mbali, simu yake haipatikani. Tukakaa barazani na mvua ya upepo mpaka alfajiri, bibi tumemfunika turubai la muuza samaki, anatetemeka. Ufunguo tu, jamani! Sasa wa pili unakaa kwa mwenyekiti, na mjumbe ana daftari la wazee, wajawazito na wasioweza kutembea. Nyie je?

Mzigua wa Korogwe: Pole sana dada. Huku Mto Pangani unaweza kujaa na kwako halijadondoka tone, maana maji yake yanaanzia Kilimanjaro na Meru, na mito ya Usambara inaongezea. Vuli ya Oktoba 2019 barabara ya Korogwe–Handeni ilikatika. Mama mkwe alikuwa ng'ambo, dawa zake za presha ziko kwangu. Tangu hapo nawaambia kamati ya kijiji: unga, dawa na kamba viwepo pande zote mbili. Gari la wilaya halivuki pasipo na daraja.

Mama Nahya: Kwetu ni mfereji. Tunafanya msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, kabla ya mvua, asiyekuja anatoa koleo au chai. Taka zikiachwa ukingoni zinarudi mlemle, kwa hiyo siku hiyohiyo toroli liwepo.

Nesi wa Zahanati: Vyoo vikifurika, msinywe maji ya kisima bila kuchemsha. Kipindupindu hakingoji. Kadi za kliniki zifungeni kwenye nailoni.

Mvuvi wa Sahare: Sisi tangazo la TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, hupelekwa msikitini. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa baharini, kipaza sauti kilitangaza kila baada ya swala, ngalawa zikavutwa juu. Kwa rangi za TMA, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wazee wasiosoma simu wanazijua rangi hizo kwa kusikia.

Binti Ngamiani: Kaka mvuvi, hilo la kipaza sauti nalipeleka kikao cha mtaa Jumapili hii. Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandikeni nyuma ya mlango kwa chaki. Wa Lushoto na Muheza, hamjasema bado.