Naomba ushauri: gari la mizigo limegusa ndege iliyoegeshwa

Habari zenu wakuu. Napakia mizigo uwanja wa ndege. Jana mwenzangu alisogeza gari la mkanda (lile la kupandishia mizigo kwenye ndege) bila mtu wa kumwongoza, raba ya mbele ikagonga ubavu wa ndege chini kidogo ya mlango wa mizigo. Rangi ilichubuka kama ukubwa wa kucha, hapakubonyea. Ila ndege hiyo bodi yake ni ya nyuzi za kaboni, si alumini, na tabaka zake huweza kuachana kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Nilimwambia msimamizi, akajibu "hiyo rangi tu". Fundi hakuitwa, ndege ikaruka. Usingizi sipati.

Je, niwapigie mafundi moja kwa moja au nianzie idara ya usalama? Na nitaripotije bila mwenzangu kuonekana mhalifu?