Naomba ushauri: gemu yangu ya misukule, hofu na mapambano vinagombana

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, natengeneza gemu ya misukule ndani ya mapango ya Amboni. Giza lipo, popo wanaruka ghafla, hofu ipo. Tatizo ni mapambano.

Mwanzo nilimpa mchezaji risasi 30. Mdogo wangu akawa anapiga kila kinachosogea, dakika kumi tu hofu kwisha. Nikapunguza hadi 6. Akajibanza nyuma ya jiwe, tochi kaizima, akaniambia, "Kaka, hapa sichezi, nasubiri kufa tu." Iliniuma, maana sauti ya matone ya maji pale nyuma ya jiwe nimeihangaikia sana.

Resident Evil ya 1996, nayo gemu ya misukule, ilibana mpaka kusevu (kuhifadhi ulipofikia): bila kuokota utepe wa wino, huwezi kusevu. Resident Evil 4 ya 2005 iliruhusu mapambano zaidi, lakini ukizidiwa inapunguza ugumu kimyakimya. Navutiwa na hii ya pili, ila mchezaji akigundua anahurumiwa, si hofu itakufa?

Wenye uzoefu, nisaidieni. Niongeze risasi, au msukule akipigwa aanguke tu, kisha ainuke mchezaji akishampa mgongo?